Msiwatoe Watoto Hadithi Ikiwa Nusu



Naomba nafasi katika gazeti letu nipinge desturi moja ambayo naiona kuwa mbaya. Waitendao si watu wasiojali watoto, bali ni waalimu kama mimi, tena wengine ni hodari kunipita; kwa hiyo haifai kuinong'ona pembeni.

Desturi yenyewe ni hii. Huko Marekani waalimu huwapeleka watoto kuutazama mchezo wa nyimbo uitwao Into the Woods, yaani Kuingia Mwituni. Pazia lishukapo katikati kwa mapumziko, wako wawainuao watoto vitini, wakawapanga wawili wawili, wakawatoa nje na kuwaambia kwamba mchezo umekwisha. Nao haujakwisha. Umefika nusu.

Kwa wasioujua mchezo huu yafaa nieleze. Nyimbo zake zilitungwa na Stephen Sondheim, na mazungumzo yaliandikwa na James Lapine, wote Wamarekani. Ulifunguliwa Broadway katika mji wa New York tarehe 5 Novemba 1987. Ukachezwa London mwaka 1990, ukarudishwa Broadway mwaka 2002 na tena mwaka 2022, na mwaka 2014 ulifanywa sinema. Ndani yake zimesukwa pamoja kama ukili hadithi za kale ambazo watoto wa Ulaya na Marekani huzijua tangu utoto: ya Cinderella, ya Jack na mharagwe uliofika mawinguni, ya msichana wa joho jekundu na mbwa-mwitu, na ya Rapunzel aliyefungiwa mnarani. Kuziunga hizo, watungaji waliongeza hadithi yao wenyewe ya mwoka mikate na mkewe, wasiopata mtoto kwa ajili ya laana ya jirani yao mchawi. Laana haiondoki mpaka wamletee ng'ombe wa Jack, joho la msichana, nywele za Rapunzel, na kiatu cha Cinderella. Basi huingia mwituni kuvitafuta.

Mwisho wa sehemu ya kwanza kila mtu amepata alilolitaka. Cinderella ameolewa na mwana wa mfalme. Jack ana mali, na jitu lililomfukuza limeanguka kutoka juu likafa. Mke wa mwoka mikate ana mimba. Wote huimba kwa furaha, na mtu asiye na habari aweza kuvaa koti lake akaenda zake, akiamini ya kuwa ameona yote.

Sehemu ya pili huja mjane. Lile jitu lilikuwa na mke, naye ashuka kumtafuta kijana aliyemwibia na kumwua mumewe. Nyumba zavunjika. Mama yake Jack apigwa na kufa, Rapunzel akanyagwa, mke wa mwoka mikate afa muda mfupi baada ya kumsahau mumewe kwa ajili ya maneno matamu ya mwana wa mfalme. Hata msimulizi wa hadithi mwenyewe hakamatwi kwa heshima, bali husukumwa apewe yule mjane, na tangu hapo hakuna wa kuwaeleza watu lijalo. Wanaobaki hulaumiana: Nani aliyeiba? Nani aliyempa Jack zile mbegu? Nani aliyemchokoza kupanda mara nyingine? Hawapati njia ya kupona mpaka wameacha kulaumiana.

Sasa waalimu wawatoao watoto wasema, «Sehemu ya pili ina vifo, haiwafai.» Nawauliza: Je, mliitazama ile ya kwanza? Humo mama wa kambo akata kidole cha mguu cha binti mmoja na kisigino cha mwingine ili kiatu kiwaenee. Humo ndege wawatoboa mabinti hao macho. Humo mbwa-mwitu ammeza bibi na mjukuu wake, na tumbo lake lapasuliwa kwa kisu. Mambo hayo yote mtoto ameyaona akiwa ameketi kando ya mwalimu wake, na mwalimu akacheka. Kama shida ilikuwa damu, ingalifaa kumtoa mapema zaidi. Kinachozuiliwa ni jambo jingine: mtoto asisikie ya kuwa aliyeuawa alikuwa na mwenzi nyumbani, wala asione ya kuwa mali aliyoipata Jack ilikuwa na mwenyewe. Amefundishwa kumshangilia mwizi, na dakika ile mwenye mali abishapo hodi, ameondolewa ukumbini.

Mzazi mmoja wa kwetu, aliyehamia Marekani pamoja na jamaa yake, ameniandikia barua juu ya jambo hili. Watu wale ni Wakongo, na mtoto wao mkubwa alizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Shule yake iliwapeleka watoto kuutazama mchezo huo, ikawatoa nusu. Mtoto alirudi nyumbani akamsimulia mama yake arusi. Baadaye mwenzake aliyekwenda na wazazi wake usiku akamwambia, «Yule mke wa mwoka mikate alikufa, hukuona?» Akabishana naye karibu ya kupigana, kisha akaenda kumwuliza mwalimu, naye mwalimu akakiri ya kuwa ni kweli. Mama aandika ya kuwa mtoto hakulia kwa ajili ya yule mke; alikasirika kwa kuwa alidanganywa. Wamwonaje mtoto huyu, waalimu wenzangu? Ameona mazishi kambini, amewaona watu wazima wakigombana juu ya nani aliyeleta msiba, naye ameona pia kwamba hao hao hupika chungu kimoja kesho yake. Pengine katika ukumbi ule wote hapakuwa na mtoto aliyeweza kuielewa sehemu ya pili kumpita yeye. Naye ndiye aliyesimamishwa mlangoni kwa jina la kuhurumiwa.

Wala tusidhani ya kuwa hadithi isiyokoma kwenye arusi ni uzushi wa watu wa siku hizi. Edward Steere, kabla hajawa askofu, aliandika hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, na kitabu chake kikapigwa chapa London mwaka 1870. Humo imo hadithi ya Sultani Darai. Maskini mmoja achakuraye jaani kama kuku apata thumuni, amnunua paa. Na paa yule, kwa akili yake, amtafutia bwana wake binti wa sultani, amwua nyoka wa vichwa saba, na kumpa nyumba yake na mali yake. Kwa wengi wetu leo hapo pangetosha: arusi imekwisha, vigelegele vimepigwa. Lakini msimulizi wa Unguja hakutosheka. Paa augua, naye bwana aamuru apewe uji wa mtama, wala hataki kwenda kumtazama. Paa afa, atupwa kisimani kama takataka. Kisha asubuhi moja yule bwana aamka, ajiona yuko jaani, achakura kama zamani. Watoto walikuwa wakiisikia hadithi hii usiku, wameketi mkekani, na hakuna bibi aliyewafukuza walale kabla paa hajaugua.

Basi kazi ya mwalimu ni kumtayarisha mtoto kwa hadithi nzima, na kazi hii haianzi siku ya safari. Nimeona karatasi ambazo watoto hupewa: taja vitu vinne, andika rangi ya joho, andika jina la ng'ombe. Mtoto mwenye kalamu mkononi huketi akilitafuta joho, na alionapo huandika, akashusha pumzi, asisikie wimbo uliokuwa ukiimbwa wakati ule. Zitupwe.

Mwalimu azisimulie hadithi zile kwa kinywa chake mwenyewe, moja moja, kwa siku kadha, kitabu kikiwa kimefungwa. Tena awaambie watoto ya kuwa kila hadithi ina milango mingi. Katika kitabu cha Mfaransa Charles Perrault cha mwaka 1697, Cinderella awasamehe dada zake na kuwaoza kwa watu wakuu. Msichana wa joho jekundu aliwa na mbwa-mwitu na habari yaishia pale pale. Ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliotoa kitabu chao mwaka 1812, wana miguu iliyokatwa, nao humtoa msichana tumboni akiwa hai. Na wale njiwa watoboao macho waliongezwa katika chapa ya mwaka 1819. Mtoto ajuaye hayo hataduwaa akiona watungaji wa mwaka 1987 nao wameongeza lao. Ajua ya kuwa hadithi ina mkono uishikao.

Kisha, akiisha kuwasimulia jinsi jitu lilivyoanguka, mwalimu aulize: «Je, lilikuwa na mke?» Anyamaze. Watoto watabishana wenyewe, na mabishano yale ndiyo matayarisho yenyewe. Siku ya mwisho awaambie waziwazi ya kuwa katika sehemu ya pili wako watakaokufa. Asiwataje. Hofu iliyotangulizwa kwa neno la kweli huchukulika. Ni ile ya kushtukizwa gizani itupayo mtoto nje ya hadithi asirudi tena.

Yako pia mambo ya ukumbi wenyewe, maana watoto waliozoea sinema hawajui ya kuwa mchezaji aliye hai huwasikia. Waambiwe ya kuwa wakizungumza, yule aimbaye husikia, na wakicheka husikia pia na hufurahi. Waambiwe ya kuwa mara nyingi mtu achezaye mbwa-mwitu ndiye achezaye mwana wa mfalme wa Cinderella. Wasipoambiwa watadhani mbwa-mwitu amefufuka, na wakiambiwa watauliza kwa nini wawili hao wakapewa mwili mmoja, nalo ni swali jema kuliko yote yaliyo katika zile karatasi. Mjane wa jitu huenda wasimwone kabisa: husikika sauti na kishindo. Ng'ombe naye katika Broadway ya mwaka 2022 alikuwa kikaragosi, na mtu aliyemwendesha alionekana na wote. Hata hivyo watu walimpenda kama ng'ombe wa kweli. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili darasani kwa kitambaa na mikono miwili.

Juu ya kunyamaza nina neno moja. Mtoto aliyelelewa na «Paukwa!» na «Pakawa!» amefundishwa kumwitikia msimulizi, akimwitikia mchezaji, asionekane mtovu wa adabu. Afundishwe ya kuwa huku kuna desturi nyingine, kama afundishwavyo kuvua viatu mlangoni pa watu, bila kuambiwa ya kuwa ya kwao ni ushenzi.

Tena maneno ya Sondheim hupita upesi sana, hata wenye Kiingereza cha kuzaliwa huachwa nyuma. Mtoto ambaye lugha ya nyumbani kwake ni Kiswahili asikie habari nzima kwa Kiswahili kwanza. Shule ikiwaandikia wazazi mapema na kuwaomba waisimulie nyumbani, watafanya, na wengine wataisimulia vizuri kumshinda mwalimu.

Najua nitakayojibiwa. Wa kwanza atasema, «Mtoto wa miaka sita ataogopa.» Kweli, ataogopa, naye asipelekwe kabisa, iko michezo mingine imfaayo. Ninenaye habari zake ni wa miaka tisa, kumi, kumi na mmoja. Wa pili atasema habari ya mke wa mwoka mikate na mwana wa mfalme. Hili ndilo gumu, silipuuzi. Lakini mtoto wa miaka kumi aona ya kuwa mke amemsahau mumewe, na mbele ya hapo hana haja. Mwalimu ajibu alichoulizwa, asiongeze. Wa tatu atanionyesha ya kuwa Music Theatre International, watoao ruhusa ya kuucheza, wana toleo fupi la watoto lenye mambo ya sehemu ya kwanza. Nalo sina ugomvi nalo. Limefanywa ili watoto wenyewe walicheze shuleni, nalo lajiita kwa jina lake, hakuna aliyedanganywa. Hata katika mchezo wenyewe, karibu na mwisho, mchawi awaonya wazazi wajihadhari na wawaambiayo watoto, kwa kuwa watoto husikia. Walimtoa mtoto kabla ya wimbo huo, na labda yafaa pia waalimu wenyewe wangalibaki kuusikia.

Lakini nikiwasikiliza sana watetezi wa desturi hii, nasikia sababu nyingine ambayo hawaianzi wao. Mchezo mzima wakaribia saa tatu, na gari la shule halina budi kurudi kabla ya saa za kufunga, kwa kuwa dereva ana safari nyingine ya kuwarudisha watoto makwao. Hapo ndipo vifo vya sehemu ya pili vilipopata ubaya wao wote. Kama ni gari, basi tuseme ni gari, tuzungumze habari ya gari: wazazi waombwe fedha za gari jingine, au watoto wapelekwe siku ya Jumamosi pamoja na wazazi wao, au uchaguliwe mchezo mfupi ulio mzima. Mwalimu asiyeweza hata moja katika haya abaki na watoto darasani, awasimulie Sultani Darai mpaka jaani.