Jeraha la ajali lisiloonekana kwa macho

WAHENGA walinena kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wengi wetu hutumia methali hii kumcheka mtu mwoga. Leo, msomaji mpenzi, nataka tuitazame kwa makini, kwa sababu inaeleza vyema yanayompata mtu aliyenusurika katika ajali mbaya ya barabarani.

Sisi tuishio katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri, Karatina na Othaya hadi Kerugoya, Embu, Chuka, Meru na Nanyuki, hatuna njia ya kukwepa barabara. Mboga zetu huenda Nairobi kwa barabara. Watoto wetu huenda shule za bweni kwa barabara. Hata wapendwa wetu wanaofia mbali hurudishwa nyumbani kuzikwa kwa barabara hiyo hiyo.

Wenye umri watazikumbuka zile Peugeot 504 zilizokuwa zikiruka kama risasi kati ya Nyeri na Nairobi. Kisha yakaja mageuzi ya marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, ambayo yalianza kutekelezwa Februari 2004. Mishipi ya usalama ikafungwa katika matatu na vidhibiti mwendo vikawekwa, gari lisipite kilomita 80 kwa saa. Miaka ya karibuni barabara ya kilomita 84 kutoka Kenol, kupitia Sagana hadi Marua, imekuwa ikipanuliwa. Hata hivyo, zaidi ya Wakenya 4,000 bado hufa barabarani kila mwaka.

Hapa Nyeri hatujasahau Novemba 7, 2017, siku Gavana Wahome Gakuru alipofariki baada ya gari lake kupata ajali eneo la Kabati, Murang'a. Alikuwa hajamaliza hata miezi mitatu afisini. Wala watu wa Meru na Tharaka Nithi hawajasahau Julai 24, 2022, wakati basi lililotoka Meru lilipotumbukia katika daraja la Nithi na kuua watu zaidi ya 30.

Lakini safu hii leo haiwahusu waliofariki. Inawahusu waliobaki. Katika kila habari ya ajali huwa kuna sentensi moja fupi mwishoni isemayo kwamba abiria wengine walinusurika wakiwa na majeraha madogo. Tunaisoma sentensi hiyo, tunashukuru, kisha tunafunua ukurasa.

Hebu chukua mfano wa mama anayeuza mitumba katika soko la Karatina. Kila Jumatatu hupanda matatu alfajiri kwenda Gikomba kununua bidhaa. Siku moja matatu yake inagongana na lori karibu na Sagana na abiria wawili wanafariki. Yeye anatoka na michubuko magotini. Hospitalini anafungwa bendeji, anapewa tembe za maumivu na kuruhusiwa kwenda nyumbani jioni iyo hiyo. Majirani wanakuja kwa maombi ya shukrani, chai inanyweka, watu wanatawanyika.

Wiki tatu baadaye mama huyu bado hajaenda Gikomba. Usiku huamka akitokwa na jasho, akisikia mlio wa vyuma. Pikipiki ikipiga breki nje ya lango, moyo humwenda mbio. Harufu ya dizeli humtia kichefuchefu. Mtoto akiangusha sufuria jikoni hukaripiwa kana kwamba ameteketeza nyumba. Na mara nyingine mama hujiuliza kwa nini yeye aliachwa ilhali msichana aliyeketi kando yake alichukuliwa.

Mzee wake, ambaye si mtu mbaya, anamuuliza, "Kwani wewe ulivunjika mfupa gani?" Madhali hakufungwa plasta wala kushonwa, kila mtu anadhani anajidekeza. Huku nyuma kibanda kinabaki bila bidhaa, chama kinadai na karo inadai. Ajali iliyochukua dakika moja inaendelea kuibomoa nyumba mwezi mzima.

Huyu mama si mwendawazimu wala hajarogwa. Mwili wa binadamu unapokabiliwa na hatari hufanya mambo mengi kwa wakati mmoja. Hutoa adrenalini, moyo hudunda kwa kasi, misuli hukazika, na akili hunasa kila sauti, harufu na picha ya wakati huo. Hiyo ni ngao njema. Taabu ni kwamba hatari ikishapita, mwili wa baadhi ya watu hukataa kuamini kwamba imepita. Kila breki inayolia huwa ni ajali ile ile inayorudi. Wataalamu wetu wa Kiswahili hukiita kiwewe.

Wala maradhi haya si ya maskini peke yao, au ya watu wasio na elimu. Mwandishi mashuhuri wa Uingereza, Charles Dickens, alikuwa ndani ya garimoshi lililopata ajali mahali paitwapo Staplehurst mnamo Juni 9, 1865. Watu kumi walifariki. Yeye hakuumia, na alishuka kuwasaidia majeruhi. Lakini baadaye sauti ilimpotea kwa muda, na hofu ya ghafla ikawa inamvamia hata akiwa katika gari la farasi mjini. Hakupata tena raha ya safari, na alifariki Juni 9, 1870, miaka mitano kamili tangu siku ya ajali.

Madaktari wa Marekani waliyaingiza maradhi haya rasmi katika kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka wa 1980, baada ya kuona mateso ya wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam. Hapa Kenya, neno ushauri nasaha liliingia masikioni mwa wengi baada ya bomu la Agosti 7, 1998 jijini Nairobi.

Waama hata wazee wetu wa Kikuyu hawakuwa gizani. Mtu aliyegusa maiti alihesabiwa kuwa na thahu, yaani unajisi, na alipaswa kutakaswa na mundu mugo kabla ya kurudi katika maisha ya kawaida. Leo wengi hawafuati mila hiyo, na safu hii haisemi irudishwe. Lakini tazama hekima iliyokuwamo. Jamii ilikubali kwamba aliyekutana na kifo ameguswa na jambo zito, na kwamba ana haki ya kurudishwa nyumbani polepole, mbele ya watu. Siku hizi tunampa bendeji na kumwambia ashukuru Mungu.

Je, tufanye nini basi?

Kwanza, hakikisheni kwamba ni mshtuko kweli. Mtu aliyegongwa kichwa, kisha akaanza kutapika, kusinzia kupita kiasi, kuchanganyikiwa au kuumwa na kichwa kunakozidi, asiambiwe ni woga. Huenda anavuja damu ndani ya kichwa. Arudishwe hospitali mara moja, hata kama jana aliruhusiwa kwenda nyumbani.

Pili, mpeni muda. Katika wiki za kwanza kukosa usingizi, kulia bila sababu, kushtuka ovyo na kuiona ajali akilini ni mambo ya kawaida. Aliye wengi hupata nafuu wenyewe iwapo wana watu wa kuwatunza. Ale kwa wakati, alale kitanda chake, na arudie kazi ndogo ndogo za nyumbani. Akitaka kusimulia, msikilizeni hata kama ni mara ya kumi. Asipotaka, msimlazimishe. Kuna wageni wanaokuja kumpa pole mgonjwa lakini haja yao hasa ni kusikia damu ilivyomwagika. Wageni wa namna hiyo wapewe chai na kusindikizwa.

Tatu, jihadharini na tiba za njia ya mkato. Wapo wanaume wengi, hasa, wanaotafuta usingizi katika chupa. Pombe hulaza mtu saa mbili na kumwamsha na jinamizi. Muguka na miraa humzidishia mapigo ya moyo ambayo tayari yanamtisha. Hata tembe za usingizi aina ya Valium hazifai kununuliwa dukani kiholela. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2013 kwamba dawa za kundi hilo zisitumiwe kutibu mshtuko wa namna hii katika mwezi wa kwanza.

Nne, hesabuni siku. Mwezi mmoja ukipita na mtu bado haoni nafuu, au hali inazidi kuwa mbaya, huo si wakati wa kungoja tena. Anahitaji mtaalamu. Akizungumza juu ya kutaka kufa, msingoje hata huo mwezi.

Hapa ndipo wengi hukwama. Ukimtajia mtu wa Nyeri daktari wa akili, jina linalomjia haraka ni Mathari, na si ile Mathari yetu ya Consolata iliyo hapa, bali ile ya Nairobi. Ataapa kwamba yeye hana kichaa. Mwelezeni kwamba tiba ya kiwewe aghalabu ni mazungumzo yenye mpango maalumu, vikao 8 hadi 12 hivi, ambamo mshauri humsaidia kuikumbuka ajali bila kumezwa nayo. Mwaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya Nyeri, ambayo wengi bado huiita PGH, au hospitali yoyote kubwa iliyo karibu, na kuulizia huduma za ushauri nasaha. Kwa asiye na nauli, Msalaba Mwekundu wa Kenya una nambari ya simu isiyotozwa malipo, 1199.

Tano, barabara yenyewe. Mtu akikaa mbali na magari, hofu hunenepa. Lakini pia kumsukuma ndani ya matatu siku ya pili ni ukatili. Njia nzuri ni kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Mama wetu wa Karatina aweza kuanza kwa kwenda stejini na kukaa tu akitazama magari, pamoja na dada yake. Siku nyingine apande hadi Marua na kurudi. Wiki inayofuata aende Nyeri. Safari ya kupita pale Sagana ingoje hadi zile fupi zitakapozoeleka. Achague kiti anachokitaka, afunge mshipi, na asione haya kumwambia dereva apunguze mwendo. Hofu ikipanda, asikimbilie kushuka. Hofu ni kama kilima, ukivumilia hadi kileleni huteremka yenyewe.

Wako wawili ambao huwa tunawasahau. Wa kwanza ni mtoto. Mtoto wa miaka sita hatasema ana kiwewe. Ataanza kukojoa kitandani, kung'ang'ania sketi ya mama, au kucheza mchezo ule ule wa magari yanayogongana. Asichapwe wala kuchekwa. Aelezwe kwa maneno mepesi yaliyotokea, na kwamba sasa yuko salama.

Wa pili ni dereva. Abiria hupewa pole, lakini dereva na utingo hupewa lawama kabla polisi hawajapima hata alama za magurudumu. Akiwa na kosa, sheria ipo. Lakini hata mwenye kosa hulala na sura za waliokufa mbele ya macho yake, na siku ya tatu hutakiwa arudi usukanini kwa sababu gari ni la mkopo. Dereva asiyelala ni hatari kwa abiria 14 wengine. Wenye magari na wakuu wa vyama vya matatu, hili ni lenu.

Fauka ya hayo, msisahau karatasi. Ripotini ajali kwa polisi na mpate abstrakti. Mwelezeni daktari kuhusu usingizi, ndoto na hofu, si goti pekee, ili yaandikwe katika faili. Sheria ya Kenya inatoa miaka mitatu ya kufungua kesi ya kudai fidia kwa majeraha, na jambo ambalo halikuandikwa popote ni vigumu kulithibitisha mbele ya hakimu. Waepukeni mabroka wanaozurura wodini wakitafuta sahihi za watu waliozirai.

Mwisho, nina neno kwa waume, wake na wazazi. Aliyenusurika ajali akikuambia anaogopa, usimuulize alivunjika mfupa gani. Muulize ni saa ngapi za usiku ambazo ni ngumu zaidi kwake, kisha uwe macho saa hizo. Hilo halihitaji diploma wala pesa.

Tukutane tena Jumapili ijayo, tukijaliwa. Na ukipanda gari leo jioni, funga mshipi.