“Sistemi imeanguka”: Lubumbashi inanunua seva, inasahau mlinzi wake

Kila mkazi wa Lubumbashi anaijua sentensi hii: “Sistemi imeanguka, rudi kesho.” Husikika kwenye giche ya benki, kwenye ofisi ya kodi, kwenye sekretarieti ya chuo na kwenye mapokezi ya hospitali. Anayeambiwa hivyo hukunja karatasi zake, hulipa tena teksi hadi Katuba au Ruashi, na kesho yake hurudi. Ni wachache wanaouliza: ni nini hasa kilichoanguka?

Mara nyingi kompyuta iliyo mbele ya karani ni nzima. Tatizo liko kwenye seva ya hifadhidata, yaani mashine inayotunza orodha zote za ofisi: nani amelipa, nani amefaulu, kiwanja kipi ni cha nani, mgonjwa yupi alipewa dawa gani. Kompyuta za makarani huiuliza seva hiyo kupitia mtandao. Seva ikinyamaza, ofisi nzima inakuwa kipofu.

Katika nchi hii jambo hilo si dogo. Kongo haijafanya sensa ya watu tangu mwaka 1984, na kwa wananchi wengi kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho wanachotembea nacho mfukoni. Mahali ambapo daftari za serikali ni chache na nyingi bado ni za karatasi, hifadhidata inayopotea haina pacha wake kabatini. Jina likifutika, mwenye jina anaanza upya kuthibitisha kwamba alisoma, alilipa au alinunua.

Kwa nini basi sistemi zinaanguka? Jibu la haraka ni umeme wa SNEL. Ni kweli, umeme unakatika, na seva inayozimika ghafla katikati ya kuandika inaweza kuharibu data. Lakini dawa yake inajulikana na inauzwa mjini: onduleur yenye batri nzima, jenereta, na utaratibu wa kuizima seva kwa heshima batri inapokaribia kuisha. Programu nzuri za hifadhidata, kama PostgreSQL, huandika kwanza kila badiliko kwenye jarida lake ili zikiwaka tena ziendelee pale zilipokatikia. Umeme peke yake, basi, hautoshi kuwa kisingizio.

Tatizo kubwa ni kwamba taasisi zinanunua mashine bila kuweka mtu wa kuilinda. Mradi unapata fedha, seva inafika ndani ya katoni, fundi anaitwa kuiweka, wakubwa wanapiga picha. Baada ya wiki mbili fundi ameondoka na neno la siri liko kwenye simu yake. Anayebaki na seva ni mtu wa sekretarieti ambaye kazi yake ni nyingine kabisa.

Kuweka programu ya hifadhidata si kazi ngumu siku hizi. PostgreSQL na MariaDB zinapatikana bure, na mwanafunzi mwenye intaneti nzuri anaweza kuiweka mojawapo kabla ya saa ya chakula. Kazi yenyewe inaanza baada ya hapo, na ni kazi ya kila siku.

Chukua mfano wa mlango. PostgreSQL ikiwekwa upya husikiliza mashine yake tu, kompyuta nyingine haziioni. Ili makarani waifikie, fundi lazima afungue mlango huo. Fundi makini huufungua kwa anwani za kompyuta za ofisi pekee, tena kwa kila mtumiaji na neno lake la siri. Fundi mwenye haraka huufungua kwa dunia nzima, kwa sababu ndivyo inavyofanya kazi upesi, kisha huwapa makarani wote jina moja la msimamizi mkuu. Ofisi inafurahi, na hakuna anayejua kwamba mtu aliye bara lingine anaweza kubisha hodi.

Hayo yameshatokea. Mnamo Januari 2017 wahalifu walizunguka intaneti wakitafuta hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi bila neno la siri. Walifuta maelfu kwa maelfu, wakaacha ujumbe wa kudai fedha kwa bitcoin. Hawakuhitaji kuvunja kufuli, kwa kuwa kufuli hazikuwapo.

Kuhusu nakala za akiba, mwezi huohuo ulitoa somo jingine. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab, akiwa amechoka usiku, alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Kampuni ilikuwa na njia tano za kujilinda. Ilipozikimbilia iligundua kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi inavyotakiwa. Iliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa saa sita kabla, na kazi ya saa hizo sita ikapotea.

Kama kampuni ya watu wanaoishi kwa kompyuta ilifika hapo, ofisi ya Kampemba ambayo haijawahi kujaribu kurudisha nakala yake inategemea nini? Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni tumaini tu. Na wale wanaosema “tuna seva mbili, moja ikifa nyingine inaendelea” wasijidanganye. Seva ya pili hunakili kila kitu, hata kosa. Karani akifuta jedwali kwenye ya kwanza, la pili linafutika sekunde hiyohiyo.

Moto nao hauchagui. Desemba 13, 2018, siku kumi kabla ya tarehe iliyopangwa ya uchaguzi, ghala la CENI mjini Kinshasa liliungua na maelfu ya mashine za kupigia kura yakateketea. Upigaji kura ukasogezwa hadi Desemba 30. Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, liliungua pia, na wateja waliokuwa wameweka nakala zao katika eneo lilelile walizipoteza pamoja na data. Ndiyo maana mafundi wana kanuni rahisi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae mbali na jengo.

Wapo watakaosema suluhisho ni kupeleka kila kitu kwenye seva za kukodi nje ya nchi. Hoja hiyo ina uzito: huko umeme haukatiki ovyo na walinzi wapo usiku na mchana. Lakini njia ya kwenda huko ni waya. Agosti 2023 nyaya mbili za chini ya bahari, WACS na SAT-3, zilikatika karibu na mdomo wa mto Kongo, na mwendo wa intaneti ukashuka katika nchi kadhaa. Hospitali haiwezi kumwambia mgonjwa asubiri meli ya kutengeneza waya. Busara ni kufanya kazi na seva iliyo hapa, na kutuma nakala iliyofungwa kwa siri mbali na hapa.

Kuna pia suala la imani. Mahakama ya Juu ya Kenya ilipofuta matokeo ya uchaguzi wa rais Septemba 1, 2017, moja ya lawama zake kwa tume ya uchaguzi ilikuwa kutotoa seva zikaguliwe kama ilivyoagizwa. Seva iliyosimamiwa vizuri huweka kumbukumbu ya nani aliingia, saa ngapi, akabadili nini. Pale ambapo makarani kumi wanatumia jina moja, kumbukumbu hiyo haina maana, na mwenye kutaka matabishi ili “kurekebisha” deni au alama hana cha kuogopa.

Wataalamu si kwamba hawapo. Chuo Kikuu cha Lubumbashi na shule ya juu ya ESIS Salama hufundisha vijana kazi hii mjini humuhumu. Lakini kijana anayeijua vizuri hawezi kukaa kwenye ofisi inayomlipa kwa kubahatisha wakati migodi ya shaba na kobalti iko jirani. Bajeti inayotoa maelfu ya dola kununua seva na isitoe mshahara wa msimamizi ni sawa na kununua lori bila dereva.

Mambo manne yanaweza kuanza bila kusubiri mfadhili. Kwanza, kila taasisi ya umma ya Haut-Katanga yenye seva iwe na wasimamizi wawili wenye mkataba, ili mmoja akiugua mwingine awepo. Pili, fundi wa nje asilipwe fungu la mwisho kabla ya kukabidhi maneno yote ya siri na maelezo ya maandishi. Tatu, kila miezi mitatu nakala irudishwe kwenye mashine ya majaribio mbele ya mashahidi, na karatasi isainiwe. Nne, Kodi ya Dijitali ya Machi 13, 2023, sheria ambayo ndani yake kuna ulinzi wa data za watu binafsi, isomwe na wakuu wa ofisi, kwani majina yaliyomo kwenye seva si mali yao.

Mwananchi naye ana kazi yake. Akiambiwa kesho kwamba sistemi imeanguka, aulize maswali mawili: nani anaisimamia, na nakala ya mwisho ilijaribiwa lini? Mkuu wa ofisi asiye na jibu ajue kwamba fundi si wa kulaumiwa peke yake.