Vishikwambi Vilitangulia, Maswali Yakafuata

Wapo wanaodhani kuwa kuanguka kwa miradi ya teknolojia ya habari ni suala la wahandisi peke yao. Sikubaliani nao. Waama, miradi mingi huanza kuanguka kabla mhandisi hajaitwa, kwa kuwa watakaoitumia hawakuulizwa lolote kwa lugha wanayoielewa.

Tutazame mradi unaojulikana vyema na walimu wa Mwingi. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mwaka 2014 zabuni ikabatilishwa. Ahadi iliporejea mwaka 2016, vipakatalishi vilikuwa vimegeuka vishikwambi, vikiletwa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta kwa ushirikiano na kampuni za kigeni. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati wa ahadi alikuwa sasa katika darasa la nne. Katikati ya hayo shule ziliunganishiwa umeme kwa pupa, na zile zilizo mbali na nyaya zikapewa paneli za sola. (Umeme huo, kwa maoni yangu, ndio tunda tamu zaidi la mradi mzima.)

Utaratibu ulikuwa kichwa chini, miguu juu. Kifaa kilitajwa kwanza, kisha umeme, kisha mwalimu. Mzazi akaja mwisho. Mkazi wa Tseikuru au Nuu angeulizwa mapema, angetaka kujua ni nani atakayelala shuleni kulinda vifaa, vitachajiwa vipi siku za mawingu, na kikiharibika kimoja kitapelekwa mji gani. Mtu aliyezoea kupima umbali wa maji hasahau maswali kama hayo. Lakini hati za zabuni huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ilhali mazungumzo ya kijijini ni ya Kikamba na Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Yaelekea habari hiyo haijafika katika ofisi za zabuni.

Napendekeza kwamba kabla ya zabuni kutangazwa, maelezo ya mradi yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe barazani, na majibu ya wananchi yaambatishwe kwenye hati. Majaribio nayo yaanzie shule za mbali, si zile za kando ya lami.

Na sisi wanafunzi wa Kiswahili je? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Madarasa yetu ya tafsiri yangali yakifanyia mazoezi hotuba na hadithi. Muhula ujao tupewe hati ya zabuni.