KLABU YA HUDUMA SI YA KUPIGIA PICHA

Tangu nichaguliwe kuwa mwenyekiti wa Klabu ya Interact hapa shuleni, kila ninapopita nasikia swali lile lile: "Mwenyekiti, mwaka huu mtatupeleka wapi?" Wengine wanataka kujua kama kutakuwa na fulana mpya. Kuhusu kazi yenyewe, kimya! Ndiyo maana nimeomba nafasi katika jarida letu nitoe maoni yangu bila kuficha.

Kwanza tuelewane klabu hii ni nini. Interact ni klabu ya vijana wa miaka 12 hadi 18 inayolelewa na Rotary. Ya kwanza iliundwa mwaka wa 1962 katika shule ya upili ya Melbourne, jimbo la Florida, Marekani. Kanuni zake hazidai makuu. Kila mwaka klabu ifanye angalau miradi miwili: mmoja wa kuwafaa watu wa shule au wa jirani, na mwingine wa kuleta maelewano kati ya mataifa. Miwili tu, jamani! Lakini klabu nyingi za huduma hupenda orodha ndefu. Leo wanafagia soko, kesho wako kwenye makao ya watoto na mifuko ya unga. Wanaimba, wanapiga picha, wanaenda zao. Wale watoto wakiuliza mtarudi lini, hakuna mwenye jibu.

Maoni yangu ni haya: mwenyekiti asipimwe kwa mambo aliyoyaanzisha, bali kwa yale ambayo mwenyekiti atakayemfuata atayakuta yakiendelea. Mimi nina mwaka mmoja tu, na mti haukomai kwa mwaka mmoja. Mtu anayetafuta sifa za haraka atapanda miche siku ya picha, kisha jua la Januari na mbuzi wa jirani wammalizie kazi.

Marehemu Profesa Wangari Maathai alilijua jambo hili. Shirika la Green Belt Movement, alilolianzisha mwaka wa 1977, liliwapa akina mama malipo kidogo kwa kila mche uliopona, si kwa kila mche uliopandwa. Hao Rotary wenyewe walijitosa katika vita dhidi ya polio mwaka wa 1985, wakishirikiana na serikali na mashirika mengine. Ilichukua miaka 35, hadi Agosti 2020, ndipo Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba kanda yake ya Afrika imetokomeza virusi vya polio vya asili. Na hata baada ya hapo, mwaka wa 2022 kisa kilichotoka nje kilitangazwa Malawi, ikabidi chanjo za nyumba kwa nyumba zianze tena. Je, wangekuwa watu wa kubadilisha mradi kila muhula, tungefika wapi?

Basi malengo yangu ni matatu pekee. La kwanza, miche 50. Kila mche utakuwa na mwenyewe, ambaye jina lake litaandikwa kwenye daftari la klabu, na ambaye atabeba maji wakati wa kiangazi. Mwisho wa mwaka tutasoma paredini hesabu ya miche iliyo hai. Ikiwa ni 30, tutasema 30.

La pili, vibuyu chirizi kando ya vyoo. Vifaa si ghali: jerikeni ya lita 5, kamba, kijiti cha kukanyagia na kipande cha sabuni. Ugumu uko katika kujaza maji kila asubuhi, kwa hivyo kila darasa litakuwa na zamu. La tatu, barua. Tutaandikiana kwa Kiswahili na klabu moja ya Tanzania, maana lugha tunayo na stempu si ghali kama nauli.

Wapo wanaosema ati huduma ni ya shule za mabweni zenye basi, na sisi wa kutwa tuna shida zetu. Nakataa. Mwanafunzi wa bweni huomba ruhusa ili aonane na wanakijiji. Sisi tunalala huko huko! Kibuyu chirizi nikikijua shuleni leo, jioni nitakitengeneza nyumbani, na kesho jirani atakuja kuuliza kinafanyaje kazi. Hakuna basi linaloweza kufika katika maboma yote tunayorudi sisi kila jioni.

Hata hivyo si siri kwamba nafasi ni finyu. Tuna masomo, na wengi wetu tukifika nyumbani tunangojewa na mtungi, kuni na wadogo zetu. Kwa hivyo tutakutana saa moja tu kila Alhamisi. Tena sitachangisha pesa za fulana. Mwenzetu ambaye hata pesa za chamcha ni za kusukumana ataona aibu, atajiondoa polepole, nasi tutakuwa tumempoteza mtu mwenye moyo na mikono miwili. Klabu ya kusaidia watu ikiwafukuza wasio nacho, inamsaidia nani? Wahenga hawakukosea waliposema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Walimu wetu wapendwa, hasa mlezi wetu, tunawaomba mtuulize maswali magumu kila muhula: ile miche iko wapi, vile vibuyu vina maji? Nanyi wenzangu, msinipigie makofi sasa. Njooni Alhamisi, kila mmoja na debe lake.