JUU YA KUCHAGUA WACHEZAJI WA TEATRI

Ndugu wanafunzi, siku ya posho watachagua wachezaji wa L'Avare, teatri ya Molière ya mwaka 1668. Wengi wetu tunashika maneno kwa kichwa, halafu tunapiga makelele tu. Hiyo haitoshi! Mzee Harpagon alizika feza yake katika bustani, wakaiiba; anashika mkono wake mwenyewe akizani ni mwizi. Usipoelewa uchungu wa yule mzee, nani atacheka? Mujizoeze wawili wawili, mmoja aseme, mwenzake ajibu.

Lakini ninyi wa komite, kitabu kiko kimoja tu, na kinalala kwa wakubwa wa darasa la sita. Mtoto wa darasa la pili atajitayarisha na nini? Stensili ya gazeti hili iko. Mupige kurasa mbili kwanza, ndipo muchague.