Acheni Kuzima ONLY_FULL_GROUP_BY!

Haya jamani, leo nina hasira. Nimemsikia tena msanidi programu mwenzangu akimshauri mwanafunzi: "MySQL ikikupa kosa namba 1055, zima tu ONLY_FULL_GROUP_BY uendelee na kazi." Huo si ushauri. Ni kung'oa king'ora cha moto kwa sababu kinapiga kelele.

Sikiza yaliyonipata. Zamani niliandikia chama kimoja cha akina mama programu ya kuweka michango yao. Walitaka ripoti ya mchango mkubwa zaidi wa kila mwanachama, pamoja na tarehe alipoutoa. Nikaandika hivi:

SELECT mwanachama, tarehe, MAX(kiasi)
FROM michango
GROUP BY mwanachama;

MySQL ya wakati huo ikajibu bila kulalamika. Kiasi kilikuwa sawa. Tarehe je? Mchango wa shilingi 5,000 wa mama mmoja ulipewa tarehe ambayo, kwenye kitabu, alitoa 500. Mweka hazina akaanza kutazamwa kwa jicho baya. Kumbe kitabu chake kilikuwa sahihi. Lililodanganya ni swali langu.

Kwa nini? Ukikusanya mistari 10 kuwa kundi moja, MAX inajua kiasi cha kuchukua. Kuhusu tarehe hukusema lolote, kwa hivyo MySQL iliokota yoyote kati ya zile 10. PostgreSQL ingelikataa swali hilo. MySQL nayo ilijirekebisha katika toleo la 5.7, mwaka 2015: tangu hapo hulikataa, ila ukiamua mwenyewe kuzima ulinzi huo.

Wala usidhani WHERE au HAVING zitakuokoa. WHERE huchuja mistari kabla ya kupangwa. HAVING huchuja makundi yakishapangwa. Hakuna inayokuchagulia tarehe ndani ya kundi.

"Lakini swali langu la zamani lilifanya kazi!" Halikufanya kazi, ndugu yangu. Lilinyamaza tu.

Dawa ni hii: tafuta kwanza MAX ya kila mwanachama, kisha unganisha matokeo hayo na jedwali lilelile kwa JOIN, upate mstari wenyewe na tarehe yake. Kama kweli hujali ni tarehe ipi, andika ANY_VALUE(tarehe). Angalau hapo umekiri.

Mashine ikikukatalia, usiizibe mdomo. Mama wa watu asije akaitwa mwizi kwa uvivu wako.