Goliathi wa Sponji



Kila mama aliyewahi kufundisha Shule ya Jumapili anajua kushona mabawa ya malaika usiku wa manane kwa shuka kuukuu. Sisi pia tunajua. Kwa miaka mingi hapa kwetu Kariakoo mavazi ya maigizo yalikuwa shuka, taulo la kichwani na fimbo ya kuazima kwa mzee wa jirani. Mwaka jana, kwa mara ya kwanza, tulijiingiza katika kazi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuiona ikifanywa: kumtengenezea mtoto vazi zima la vita kwa sponji, yaani chapeo, dirii, mabega na mabamba ya miguuni. Mama mmoja aliyeliona ametuuliza tulifanyaje. Tumeona tulieleze hapa pamoja na makosa yake, maana makosa ndiyo yaliyotugharimu.

Watoto walichagua wenyewe kisa cha Daudi na Goliathi. Daudi alipatikana mara moja, binti wa miaka 14, mrefu kama mlingoti na mwenye sauti. Tulipouliza nani atakuwa Goliathi, mkono wa kwanza kupanda ulikuwa wa kijana wa miaka 13 ambaye ukimwona utamdhania ana 10. Watoto waliangua kicheko. Sisi hatukucheka, kwa kuwa tunajua kwa nini hakurefuka. Ana selimundu, ugonjwa ambao wengi mtaani huuita siko seli. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka hapa Tanzania, kwa hiyo huenda hata katika usharika wako yumo. Kila mwaka kijana huyu alikuwa akipewa kusoma mistari, ameketi kitini, kwa sababu ndiyo kazi isiyochosha. Safari hii alikataa kuketi.

Jioni ile mama yake alitufuata nyumbani.

"Dada zangu," alisema, "nyie ndio manesi. Mnajua mwaka huu nimelala naye wodini mara mbili. Leo mnataka kumfunga mwanangu ndani ya godoro, mwezi wa kumi na moja, Dar es Salaam hii?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Alikuwa na haki. Mtoto mwenye selimundu akipungukiwa maji mwilini, akichoka kupita kiasi au akipata homa, chembe zake nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo, na maumivu yanayofuata hayasimuliki. Joto na jasho ndivyo vinavyomkausha maji. Lakini sisi pia tulikuwa tumeuona ule mkono ulivyonyooshwa. Tukapatana naye hivi: vazi tutalitengeneza, na yeye mama ndiye atakayelivaa wa kwanza. Akisema hapana, kijana atasoma mistari kama kawaida, na sisi ndio tutakaomweleza.

Tulianza vibaya. Tulikwenda Keko kwa mafundi makochi tukanunua sponji nene ya njano, kwa sababu neno sponji kwetu lilikuwa na maana moja tu. Tulikata kwa kisu cha mkate. Kifua kilitoka kimevimba kama andazi, na tulipokipaka rangi kikainywa kopo zima na kubaki na madoa. Mama mtu alikivaa kwa muda wa kuhesabu tu, akakivua, shingo imelowa. "Hapana," akasema, akaondoka zake.

Sponji ya godoro na makochi ina vitundu vilivyo wazi, ndiyo maana hunyonya maji kama ile ya kuoshea vyombo. Humnyonya mtoto jasho na kumrudishia joto lake mwenyewe. Kuna na jambo zito zaidi. Sponji hiyo hushika moto upesi, na moshi wake una kaboni monoksidi na sianidi ya hidrojeni, sumu zinazomwangusha mtu kabla hata moto haujamfikia. Tarehe 27 Januari 2013, katika ukumbi wa muziki uitwao Kiss, mjini Santa Maria huko Brazili, fataki iliwasha sponji iliyobandikwa darini, na watu 242 wakapoteza maisha. Igizo letu lilikuwa liwe na mishumaa mbele. Tuliichukua sponji yote, tukamshonea bibi mmoja mto wa kukalia, basi.

Aliyetuokoa ni fundi viatu mmoja mzee anayekaa barazani si mbali na Mtaa wa Msimbazi. Tulimwamkia, tukamweleza shida yetu. Hakusema kitu, alivua ndala yake akatupa. "Bonyezeni," akasema. "Mwagieni maji." Maji yaliteleza yote. "Hiyo ndiyo sponji mnayoitaka."

Ndala nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa aina ya sponji ambayo wataalamu huiita EVA. Vitundu vyake vimefungwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo hainywi maji wala jasho, ni nyepesi, na ukiipasha moto kidogo hulainika ukaikunja utakavyo. Huelea pia, na ndiyo sababu bahari huzitupa pwani kwa wingi. Wale mafundi wa Lamu waliounda jahazi la plastiki chakavu liitwalo Flipflopi walilipamba kwa vipande vya ndala zipatazo 30,000, nalo mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kama ndala zinaweza kuvika jahazi, tulijiambia, zitashindwaje na Goliathi?

Hatukuhitaji kununua ndala. Ile mikeka ya sponji ya kuchezea watoto, yenye rangi rangi na meno ya kuunganisha kama fumbo, ndiyo EVA yenyewe. Tuliipata katika maduka ya vitu vya watoto pembeni mwa Mtaa wa Kongo: ya unene wa milimita 10 kwa kifua, mabega na viatu, na nyembamba ya milimita 5 kwa chapeo na miguu. Bei hatuitaji, maana Kariakoo bei ni mdomo wako. (Tulipokuwa tumejitwisha mikeka tukicheka, mmoja wetu alikumbusha kuwa Kariakoo yenyewe ilipata jina kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.) Ukifika nyumbani usianze kazi. Ianike mikeka kivulini penye upepo siku kadhaa hadi harufu ipungue. Mwishoni mwa mwaka 2010 Ubelgiji ilizuia uuzaji wa mikeka ya namna hiyo kwa ajili ya kemikali iitwayo formamidi iliyokuwa ikitoka ndani yake, na Ufaransa nayo ikausimamisha kwa muda.

Kupima kulikuwa raha. Mvalishe mtoto fulana kuukuu, mzungushie selotepu juu yake kifuani na mabegani, usikaze, kisha chora kwa kalamu mistari ya vazi juu ya selotepu. Ikate fulana mgongoni kwa mkasi umvue, uikate tena kwenye ile mistari, na vipande vikilala chini vimekuwa pateni. Kila kipande kipe namba, na kila mstari wa kuungana uvushie alama ndogo ili baadaye alama zikutane. Andika pia kulia na kushoto. Sisi hatukuandika, tukakata mabega mawili yote ya kushoto. Tena kisu kiwe kikali sana, ukinoe kila baada ya mikato michache, kwa kuwa EVA hukifanya butu upesi na kisu butu huichana badala ya kuikata.

Kwa kuunganisha tulitumia gundi ya viatu, na hapa tunaomba msikilize kwa makini. Unapaka pande zote mbili, unaacha, unaacha tena, mpaka ukigusa kwa kidole haikushiki. Ndipo unakutanisha na kubana. Ikishakutana haina talaka. "Gundi haitaki haraka, dada zangu," fundi wetu alituonya. Siku ya pili mvua za vuli zikaanza. Uani tulipokuwa tukifanyia kazi pakalowa, nasi tukahamia chumbani, tukafunga dirisha, tukaharakisha. Baada ya nusu saa tulikuwa na kizunguzungu na kichefuchefu, sisi watu wazima tuliosomea uuguzi! Gundi nyingi za namna hiyo zina toluini au heksani. Miaka ya 1960 huko Japani wafanyakazi waliokuwa wakibandika ndala, wengi majumbani kwao, walikufa ganzi mikono na miguu, hata wengine wakashindwa kutembea sawasawa, kwa sababu ya heksani ya kwenye gundi. Basi gundisha nje, mtoto asiwe karibu, jiko liwe mbali, na mkebe ufunikwe kila ukishachovya. Kipande tulichobandika chumbani siku ile, bega la kulia, tutakirudia.

Chapeo tuliikunja kwa sufuria. Unatandika kitambaa juu ya sponji, unapitisha pasi ya moto wa wastani sekunde chache, unaizungushia kwenye sufuria lenye ukubwa wa kichwa na kuishikilia mpaka ipoe. Ikitoa moshi, umezidisha. Kisha tulipaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, mikono mitatu, kila mkono ukikauka kwanza. Hapo rangi ya dhahabu iliyochanganywa na kahawia kidogo ilikaa vizuri ajabu, na dawa nyeusi ya viatu iliyosuguliwa kwenye mikunjo na kufutwa ikaipa sura ya shaba iliyoona vita.

Lakini kazi kubwa ilikuwa hewa na kimo. Mbavuni tuliacha wazi kabisa, kifua na mgongo vikishikwa na lastiki pana na velkro, ili vazi livuliwe kwa mkono mmoja. Mabega tuliyainua juu ya vipande vya sponji ili yasilalie mwili. Chini ya viatu tulibandika tabaka nne, na juu ya chapeo tukasimamisha upanga wa nywele nyekundu za ufagio wa plastiki. Chini ya nywele hizo, mahali asipoona mtu, pana tundu kubwa la kutolea joto. Vazi zima, tulipolipima kwa mizani ya dukani, halikufika kilo moja na nusu. Dirii peke yake ya Goliathi wa Maandiko ilikuwa shekeli 5,000 za shaba, kama kilo 57 kwa hesabu ya siku hizi.

Siku ya mtihani mama mtu alikuja saa saba mchana. Aliichagua saa hiyo makusudi. Alivaa dirii, akavaa chapeo, akaketi uani, akavuta ungo akaanza kuchambua mchele. Hakuzungumza. Wapangaji walipita na ndoo zao wakimwamkia Goliathi, naye akiitikia bila kuinua uso. Alimaliza mchele wote, kama nusu saa hivi, akavua, akajipapasa shingoni, kisogoni, mgongoni.

"Kichwa hapana neno," alisema. "Mgongo umelowa. Toboeni mgongoni."

Tulitoboa mianya saba mirefu. Alikaa tena. Safari hii alichambua dagaa.

Igizo tulilihamishia nje, kwenye kivuli cha mwembe, saa kumi na moja jioni ya Jumapili ya mwisho ya Novemba. Kijana alipewa maji tangu asubuhi kidogo kidogo, alivaa fulana ya pamba ndani, na vazi alivishwa dakika ileile ya kutokea, akae nalo dakika 10 tu. Kila mmoja wetu alijua dalili za kumkimbiza hospitali: homa, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, weupe wa macho. Kwa mama mwenye mtoto wa hali hiyo tunasema, ulizeni kliniki yenu kwanza. Wanamjua mtoto wenu kuliko sisi.

Alipojitokeza nyuma ya mwembe hapakuwa na kicheko. Alikuwa sawa kwa kimo na Daudi, na upana wake mara mbili. Akatukana Israeli kwa sauti ambayo hatukujua anayo. Jiwe (soksi iliyojazwa pamba) lilimpiga, akaanguka chali kwa ukubwa wake wote, na lile bega la kulia likabanduka, likabingirika mpaka miguuni pa wazee wa kanisa. Kichwa cha kukata hatukuwa tumekitengeneza, tukidhani hadithi itaishia pale. Daudi hakusita, aliliokota bega, akaliinua juu kwa mikono miwili, na uwanja mzima ukapiga vigelegele. Mama Goliathi, kwani ndivyo anavyoitwa mtaani mpaka leo, alikuwa amekwisha kufika kwa mwanawe na chupa ya maji.

Jumatatu asubuhi tulimpigia simu kabla ya kuingia zamu. Alilala vizuri, alisema, hana homa, haumwi popote, ameshakwenda shule. Chapeo imebaki nyumbani, lakini baada ya mabishano marefu.